Vifaa Vizima, Mlango Mmoja

Katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na ugonjwa mmoja wa kompyuta uliowachosha mafundi wengi. Mtu amenunua modemu ya kuunganisha intaneti kwa laini ya simu. Ameifunga ndani ya kompyuta, imepiga namba, imelia milio yake, imeunganisha. Ukurasa unaanza kufunguka taratibu. Anashika kipanya ili ashuke chini ya ukurasa, na papo hapo simu inakatika. Anapiga tena, inaunganisha tena. Asipogusa kipanya mambo ni shwari. Akikigusa tu, ama modemu inanyamaza, ama kipanya kinaganda katikati ya kioo.

Modemu inarudishwa dukani na kubadilishwa, ugonjwa unabaki uleule. Kinanunuliwa kipanya kipya, hali ni ileile. Sasa lawama zinauangukia ubao mama, ambao ndio ghali kuliko vyote. Kumbe hapakuwa na kitu kibovu hata kimoja. Modemu ilikuwa nzima, kipanya kizima, ubao mzima. Kipanya kilikaa kwenye poti ya siriali ya kwanza, COM1, na modemu ikawekwa COM3. Poti hizo mbili, kwa mpango uliorithiwa tangu mwanzo wa kompyuta za aina hii, huiita prosesa kwa laini moja, laini namba 4.

Huo ndio unaoitwa mgongano wa rasilimali. Vifaa viwili vyenye afya vinadai kitu kimoja ambacho kompyuta imepewa kwa idadi ndogo, na dalili zake zinafanana kabisa na za ubovu. Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Fundi aliyezoea kubadilisha vipande atabadilisha vipande, na kwa kuwa tatizo halimo ndani ya kipande chochote, halitaondoka. Mimi nashikilia kwamba kompyuta ikianza kuzingua baada ya kuongezewa kifaa, kazi ya kwanza ya fundi ni kuandika nani anashika nini. Bisibisi ifuate baadaye. Nasema hivyo kwa sababu mgongano haukufa na enzi ya modemu. Umebadili sura, na vifaa vizima bado vinatupwa kwa ajili yake.

Tuanze na jinsi kifaa kinavyozungumza na prosesa. Prosesa hufanya kazi moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa, na haiwezi kutumia muda wake kuzunguka ikichungulia kila kifaa kuona kama kina neno. Kwa hiyo mwenye neno ndiye anayebisha hodi. Umebonyeza herufi kwenye kibodi, kibodi inabisha. Diski imemaliza kusoma faili, inabisha. Prosesa inaweka alama pale ilipofikia, inakwenda kumsikiliza mgeni, kisha inarudi kuendelea na kazi yake. Kila hodi inapita kwenye mlango wenye namba, na namba hiyo ndiyo inayoiambia prosesa ni nani amekuja na ahudumiwe vipi. Mafundi wanaijua namba hiyo kwa herufi tatu, IRQ.

IBM ilipotoa PC yake ya kwanza Agosti 1981, ilikabidhi usimamizi wa hodi kwa chipu moja ya Intel, 8259A, yenye milango minane, kuanzia 0 hadi 7. Mlango wa 0 ulikwenda kwa saa ya mfumo, ambayo hubisha mara 18 na ushee kila sekunde. Wa 1 ni wa kibodi. Wa 3 na wa 4 ni wa poti za siriali, wa 6 wa flopi, wa 7 wa printa. Ilipokuja modeli ya XT mwaka 1983 na diski yake kuu, mlango wa 5 nao ukapata mwenyewe. Kilichobaki kwa ajili ya kila kifaa ambacho ulimwengu ungebuni baadaye kilikuwa mlango mmoja tu, wa 2.

Waliobuni mashine ile hawakuwa wazembe. Walikuwa wakitengeneza kompyuta ya ofisini ya kuandikia barua na kupigia hesabu, na kwa kazi hiyo milango minane ilitosha. Mwaka 1984, kwenye modeli ya AT, wakaongeza chipu ya pili, na namba zikafika 15. Lakini chipu ya pili ilibidi ipitishe hodi zake kwa ile ya kwanza, na mlango uliotolewa kafara ni uleule wa 2. Hivyo 16 ikawa 15. Toa saa ya kalenda iliyochukua wa 8, chipu ya hesabu iliyochukua wa 13, diski zilizochukua wa 14 na wa 15, na baadaye kipanya cha poti ya duara kilichochukua wa 12. Mwenye kadi ya sauti, kadi ya mtandao na skana alibaki akigombania wa 5, wa 9, wa 10 na wa 11. Kadi za zamani zenye meno mafupi hazikuweza hata kuufikia wa 10, kwa sababu waya wa mlango huo unapita kwenye kipande cha ziada cha sloti ambacho meno yao hayakigusi.

Kwa nini wawili wasitumie mlango mmoja kwa zamu? Swali hilo ni la msingi, na jibu lake limo kwenye umeme wenyewe. Sloti za enzi hiyo, zinazojulikana kama ISA, zilimtaka mwenye hodi apandishe volti kwenye waya wake, na chipu ya milango ilisikia ule mpando tu, yaani dakika ile volti inapotoka chini kwenda juu. Kadi nyingi zisipokuwa na neno huushikilia waya chini kwa nguvu. Sasa weka kadi mbili kwenye waya mmoja: moja inavuta juu, nyingine inakandamiza chini, na chipu haisikii kitu cha kueleweka. Hata zikiwa zimetengenezwa kwa upole kiasi cha kutokandamizana, bado kuna shida ya pili. Kadi ya kwanza ikishapandisha waya na kabla haujashuka ya pili nayo ikabisha, hakuna mpando mpya, kwa hiyo hodi ya pili haipo. Imepotea.

Rudi sasa kwenye ile modemu. Chipu za siriali za zamani zilikuwa na nafasi ya kuhifadhi herufi moja tu inayoingia. Prosesa isipofika kuichukua kabla ya herufi inayofuata, ya kwanza inafutwa. Kipanya kinaposogezwa hubisha mfululizo kwenye mlango wa 4, hodi za modemu zinamezwa, herufi zinapotea kwa makumi, na kompyuta ya upande wa pili inaona mazungumzo yameharibika inakata. Chipu ya baadaye, 16550A, iliwekewa nafasi ya herufi 16, ikapunguza hasara, lakini mlango ulibaki mmoja. Dawa halisi ilikuwa kuihamishia modemu kwenye COM2 au COM4, ambazo hubisha mlango wa 3. Ni kazi ya dakika chache.

Kadi za sauti ndizo zilizoleta vurugu kubwa zaidi majumbani. Kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa Sound Blaster mwaka 1989, na kadi zake za mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa zimepangwa mlango wa 7, ambao mwenyewe ni printa. Wengi hawakuona shida kwa sababu programu nyingi za DOS zilichapa bila kusubiri hodi ya printa. Shida iliibuka pale zilipokuja programu zilizosubiri. Mgongano wa kadi ya sauti una dalili moja ambayo fundi akiisikia mara moja haisahau: sauti inaanza, inafika nusu sekunde, kisha kipande kilekile kinarudiwa na kurudiwa bila kukoma. Kadi imemaliza kupiga kipande ilichopewa, imebisha iletewe kingine, hodi haikufika, nayo inaendelea kupiga ilichonacho.

Milango ya hodi haikuwa peke yake. Kila kadi ilihitaji pia anwani, yaani namba ambayo prosesa huitumia kuipelekea kadi maagizo. Sound Blaster ilikaa 220. Kadi za mtandao za aina ya NE2000 zilikaa 300 na mlango wa 3, wakati mlango huo tayari ni wa COM2. Kadi ya Adaptec ya kuendeshea diski za SCSI ilikuja na anwani 330, na sehemu ya muziki ya Sound Blaster 16 nayo ilikuja na 330. Aliyekuwa na studio ndogo ya kurekodi akazihitaji zote mbili alikutana na mgongano siku ya kwanza. Anwani zina tabia ya kuhadaa. Kadi ya NE2000 ikisema iko 300 haimaanishi namba hiyo moja tu. Inachukua namba 32 mfululizo kuanzia hapo. Kadi mbili zinaweza kuwa na anwani tofauti kwenye karatasi na bado zikakanyagana mikia. Kulikuwa pia na njia za kupeleka data kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa, DMA, ambazo kwenye AT zilikuwa saba za kutumika. Flopi ilishika ya 2, Sound Blaster ya 1.

Kuhamisha kadi kutoka namba moja kwenda nyingine kulifanywa kwa mkono. Kwenye ubao wa kadi kulikuwa na safu za pini zilizosimama wima, umbali wa milimita 2.54 kati ya pini na pini, na juu ya pini mbili kulivikwa jampa, kipande cha plastiki cha milimita chache chenye bati ndani. Unazima kompyuta, unachomoa waya wa umeme, unagusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini usiiunguze kadi. Unang'oa kadi, unaigeuza kwenye mwanga. Ukiwa na bahati, kiwanda kimechapa kwa rangi nyeupe pembeni ya kila jozi: 3, 5, 7, 9. Unabana jampa kwa koleo dogo, unalivuta juu bila kuipinda pini, unalivisha jozi ya pembeni. Lisipokaa sawa, kadi itafanya kazi leo, kesho itagoma. Ukiwa huna bahati, kilichochapwa ni JP1, JP2, JP3 na hakuna maelezo, na maana ya kila moja imo ndani ya kijitabu.

Kijitabu hicho ndicho kilichokosekana kwetu. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na marufuku hiyo iliondolewa katika miaka ya 1990. Maana yake ni kwamba wengi wa waliojifunza ufundi hapa nchini walizikuta kompyuta hizi wakati mambo yamechanganyika kuliko wakati wowote: kasha moja lina sloti za zamani na za kisasa, kadi za jampa na kadi zisizo na jampa. Na mashine nyingi zilizofika Afrika Mashariki, za msaada na za biashara, zilikuwa zimetumika. Mtu wa Ulaya aliyeitoa ofisini kwake hakukumbuka kutia kijitabu cha kadi ya mtandao kwenye boksi. Fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli Avenue, Nairobi, aliyejifunza kusoma kadi bila kijitabu alistahili heshima kubwa kuliko aliyopewa.

Njia yao ilikuwa ya subira. Toa kadi zote, bakiza ya kioo peke yake. Washa, hakikisha mashine inaamka vizuri. Zima, rudisha kadi moja, ile isiyobadilika kirahisi, maana anayeweza kuhama ndiye anayempisha asiyeweza. Washa, jaribu, andika kwenye karatasi: sauti, 220, mlango wa 5, njia ya 1. Zima, ongeza inayofuata. Mwenye bidii aliibandika karatasi hiyo ndani ya mfuniko wa kasha, ili fundi atakayekuja baada yake asianze upya. Ukiwa na poti za siriali ambazo hakuna anayezitumia, unaingia kwenye bayosi, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa mashine inapowaka, unazizima, na milango ya 3 na 4 inakuwa huru. Wengi walisahau hatua hiyo, ingawa ilitoa nafasi mbili bila kugharimu kitu.

Viwanda navyo vilikuwa vikitafuta njia ya kuwaondolea watu adha hii. IBM ilijaribu mwaka 1987 kwa mashine zake za PS/2 na sloti mpya za MCA, ambazo kadi zake zilipangwa kwa programu kutoka kwenye flopi maalumu. Washindani wake, wakiongozwa na Compaq, wakajibu mwaka 1988 kwa sloti za EISA. Zote zilikuwa kazi nzuri na zote zilikuwa ghali, na soko likabaki na ISA. Ndipo Intel na Microsoft walipotoa mwaka 1993 mpango wa kadi za ISA zinazojitambulisha zenyewe.

Mpango huo una kitu kimoja ambacho bado naona ni cha kupendeza sana. Tatizo lilikuwa hivi: utaongeaje na kadi moja wakati kadi zote hazijapewa anwani na zote zinasikia kila unachosema? Jibu lao ni kwamba kila kadi hutoka kiwandani na kitambulisho chake cha tarakimu 72 za 0 na 1, na ndani ya kompyuta moja hakuna kadi mbili zenye kitambulisho kimoja. Kompyuta inauliza tarakimu ya kwanza. Kadi zenye 1 zinajibu kwa sauti, zenye 0 zinakaa kimya na kusikiliza. Iliyokuwa kimya ikasikia mwenzake amejibu, inajitoa kwenye raundi hiyo. Inaulizwa tarakimu ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho, na mwishoni inabaki kadi moja tu uwanjani. Hiyo inapewa namba ya kuitiwa na kuambiwa ipumzike, kisha raundi inaanza upya kwa zilizobaki. Kila kadi ikishakuwa na namba inaulizwa inaweza kukaa kwenye milango ipi na anwani zipi, na kompyuta inagawa.

Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, ilipeleka ugawaji huu majumbani. Wengi walikatishwa tamaa, na chanzo kilikuwa kadi za zamani za jampa zilizobaki kwenye sloti. Kadi hizo hazijibu maswali. Zimekaa kwenye mlango wao na hazisemi, kwa hiyo kompyuta inaudhania uko wazi na kumpa mgeni. Bayosi za wakati huo zilikuwa na ukurasa wa kuandika kwamba mlango fulani umeshikwa na kadi ya zamani, usigawiwe. Palikuwa pia na amri ya kufuta ramani yote ya ugawaji na kuanza upya mashine itakapowaka. Mtu aliyezijua sehemu hizo mbili alimaliza migongano mingi bila kufungua hata skrubu moja.

Sloti za PCI, zilizobuniwa na Intel na kutolewa mwaka 1992, ndizo zilizokata mzizi wa tatizo la mlango mmoja. Kwenye PCI kifaa kinaushusha waya na kuendelea kuushikilia chini mpaka kihudumiwe, na hakuna anayeuvuta juu kwa nguvu dhidi yake. Wawili wakibisha pamoja, waya unabaki chini mpaka wote wawili wahudumiwe. Prosesa inakuja, inamuuliza wa kwanza, inamuuliza wa pili, inaondoka. Hodi haipotei. Na kwenye PCI Express ya leo hodi haihitaji hata waya wake: kifaa kinaandika ujumbe mfupi kwenye anwani maalumu ya kumbukumbu, na kifaa kimoja kinaweza kuwa na ujumbe wa aina nyingi.

Kwa sababu hiyo, fundi wa leo akikuonyesha kwenye Device Manager ya Windows kwamba vifaa vitano vimepangwa kwenye IRQ 16 na kukuambia huo ndio ugonjwa wa mashine yako, usikubali haraka. Kushirikiana kwa namna hiyo ni kawaida kabisa. Wala usishtuke ukiona IRQ zenye alama ya kutoa mbele yake. Hivyo ndivyo Windows inavyoandika hodi za ujumbe. Alama ya kutazama ni pembetatu ya manjano yenye mshangao, na ukibofya mara mbili kifaa chenye alama hiyo usome namba ya kosa. Kosa namba 12 ndilo linalosema kifaa hakikupata rasilimali huru za kutosha. Ukikuta namba nyingine, mara nyingi unachotafuta ni draiva.

Uhaba wa leo umehamia kwenye mambo mawili: njia za data (si zile za DMA) na anwani za kumbukumbu.

Kuhusu njia, kisa kinachonisikitisha kuliko vyote ni cha diski inayotoweka. Mtu ana kompyuta ya mezani yenye diski mbili za SATA. Ya kwanza ina Windows, ya pili ina picha za harusi, hesabu za duka na rasimu za kazi za miaka. Ananunua SSD ya M.2, kibao chembamba kinachofungwa moja kwa moja kwenye ubao mama kwa skrubu moja. Inafungwa, mashine inawaka kwa kasi ambayo hajawahi kuiona, na ile diski ya pili haipo. Haipo kwenye Windows, haipo kwenye bayosi. Anaambiwa diski imekufa, bahati mbaya tu kwamba imekufa siku hiyohiyo. Anaanza kutafuta pesa za wanaookoa data.

Diski ni nzima. Kwenye mbao nyingi, sloti ya M.2 inatumia njia zilezile zinazokwenda kwenye poti moja au mbili za SATA, na SSD ikiingia pale poti hizo zinazimwa. Imeandikwa kwenye kijitabu cha ubao, kwenye jedwali dogo ambalo halisomwi, na wakati mwingine inategemea kama SSD yenyewe ni ya aina ya SATA au ya NVMe. Unazima mashine, unachomoa kebo ya data ya diski iliyopotea, unaichomeka kwenye poti nyingine, unawasha. Picha za harusi zimerudi. Kama poti zote nyingine zimejaa na ubao una sloti ya pili ya M.2, hamishia SSD huko. Kijitabu kikiwa kimepotea, jina la ubao limechapwa juu yake kwa herufi kubwa, na watengenezaji wakubwa wameweka vijitabu vyao kwenye intaneti bure. Hapa tuna nafuu kubwa ambayo fundi wa miaka ya 1990 hakuwa nayo, na sioni udhuru wa kutoitumia.

Njia hizo zina hesabu. Prosesa za Ryzen za soketi ya AM4 kwa kawaida zina 24: 16 za kadi ya grafiki, 4 za SSD na 4 za kuunganisha chipu kuu ya ubao, ambayo nayo ndiyo inayolisha poti nyingi zilizobaki. Kwenye mbao kadhaa, ukiweka kadi kwenye sloti ndefu ya pili, ya kwanza inashuka kutoka njia 16 hadi 8. Kadi ya grafiki haitagoma, na kwenye kazi nyingi mtumiaji hatatambua, lakini ni vizuri ajue kabla hajailaumu.

Kuhusu anwani, wenye mashine za mtumba wanalijua tatizo hili hata kama hawalijui jina. Umenunua kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4, Windows inakuonyesha 3.25 au 3.5 za kutumika. Muuzaji hakukuibia. Windows ya biti 32 inaweza kuhesabu anwani 4,294,967,296, ambazo ni gigabaiti 4 kamili, na ndani ya hesabu hiyohiyo vifaa navyo vinahitaji sehemu yao, kadi ya grafiki ikiwa mla nafasi mkubwa. Kipande cha RAM ambacho namba zake zimechukuliwa na vifaa kinakosa pa kuitiwa. Dawa ni Windows ya biti 64, pamoja na ubao wenye uwezo wa kuihamishia RAM hiyo kwenye namba za juu. Ubao wa zamani sana hauna uwezo huo, na hapo kuongeza RAM nyingine ni kupoteza pesa.

Kosa namba 12 kwenye kadi kubwa za grafiki lina asili hiyohiyo. Mtu ameweka kadi ya pili ya grafiki, au kadi moja yenye kumbukumbu nyingi kwenye ubao wa zamani kidogo, na nafasi ya anwani iliyo chini ya gigabaiti 4 haitoshi. Bayosi nyingi zina kipengele kinachoitwa Above 4G Decoding. Ukikiwasha, vifaa vinaruhusiwa kukaa juu ya mpaka huo. Tahadhari ni moja. Kwenye mbao nyingi kipengele hicho kinaambatana na kuwasha mashine kwa mfumo wa UEFI, na kama Windows yako ilisakinishwa kwa mfumo wa zamani haitaamka mpaka ukirudishe kilivyokuwa. Piga picha ya ukurasa wa bayosi kwa simu kabla ya kubadili chochote.

Kazi yenyewe, kwa mashine ya umri wowote, inakwenda kwa mpangilio uleule. Uliza kwanza ni kitu gani kiliongezwa mara ya mwisho, na ukiondoe. Mashine ikipona, una wagomvi wawili na unamjua mmoja. Fungua Device Manager, na kwenye menyu ya mwonekano chagua kupanga vifaa kwa rasilimali badala ya aina. Utaona anwani na milango na jina la aliyekaa pale. Kwenye Linux, faili la /proc/interrupts linakupa orodha ya hodi pamoja na hesabu ya mara ngapi kila moja imebishwa, na kifaa ambacho hesabu yake haisogei kabisa wakati unakitumia kimejitaja chenyewe. Zima kwenye bayosi vya ndani ya ubao ambavyo huvihitaji: poti ya siriali, poti ya printa, kadi ya sauti ya ubao kama umeweka nyingine. Hamisha kadi kwenda sloti nyingine. Kisha kipeleke kifaa kinachotuhumiwa kwenye kompyuta ya jirani ukakijaribu huko. Kikifanya kazi huko, rudi ukaendelee kutafuta nani anakibana hapa. Kikikataa kikiwa peke yake, kwenye sloti nyingine, na kwenye kompyuta nyingine pia, basi hicho kweli kimekufa, na fundi anaweza kuandika hivyo kwenye risiti ya mteja.